Vijiko vya Kipangani

Mimi ndiye mtunza vyombo vya mtaa:
masinia ishirini na manne, mabirika matatu,
sufuria la pilau linalobebwa na wanaume wanne,
na vijiko mia na ishirini
vyenye alama ya msumari shingoni
visije vikachanganyika na vya watu wa Limbani.
Harusi huanzia kwangu. Hitma huishia kwangu.
Daftari langu hujua nani kaoa, nani kazikwa,
kabla sheha hajatafuta muhuri wake.

Mwaka ule mikarafuu ilizaa hata matanzu yakainama.
Fedha ilitembea Wete kwa miguu yake,
na nyuma ya fedha wakaja wageni wasio na mzigo,
viatu vyeupe,
hawachumi, hawachambui, hawaaniki,
nasi tukawaita "jamaa".

Hitma ya Mzee Asaa, vilirudi mia na kumi na moja.
Nikasema: watoto.
Harusi ya Raya, mia na sita.
Nikasema: kunguru.
Kunguru, mimi, na umri huu!
Anayeogopa kujua humsingizia hata ndege.

Kisha nikakiokota kimoja mtaroni,
nyuma ya gofu la ghala la karafuu.
Tumbo jeusi tii, shingo imekunjwa,
alama yangu ipo palepale.
Nilikisugua kwa jivu, kwa mchanga, kwa ndimu.
Masizi ya jikoni hukuachia mkono.
Haya yaligoma.

Sikwenda polisi. Polisi tulishakwenda:
walimchukua Faki wa Bi Tumu,
wakamrudisha na mbavu mbili mbovu
na kiu ileile.

Nilikipeleka kwenye kikao cha harusi ya kina Salhiya,
nikakiweka juu ya mkeka
kati ya hesabu ya mchele na hesabu ya samli.
Wanawake kumi na saba.
Hakuna aliyeuliza ni nini.
Hapo nikajua kila nyumba ina chake.

Bi Tumu ndiye aliyevunja kimya:
"Usiku namtilia kufuli.
Nilidhani namzuia asitoke.
Kumbe nawazuia nyinyi msimwone."

Hatukushona fulana. Hatukutundika bango.
Salhiya alihamishia jiko lake la mkate wa kumimina
mlangoni mwa gofu, na taa ya chemli juu yake.
Wanaume, kwa haya, wakaleta meza ya dhumna.
Nani atauza kete mbele ya shangazi zake saba
na harufu ya iliki?
Wakahamia Limbani, wale wa viatu vyeupe.
Tukawapelekea wenzetu wa Limbani kijiko, bila barua.
Wakaelewa.

Watoto wa darasa la sita tuliacha kuwafumbia.
Hatukusema "kitu", hatukusema "mambo yale".
Tulisema unga.
Tulilitaja na jina la Shaame wa Mwalimu Zuwena,
aliyekutwa alfajiri, mdomo wazi,
nasi tukaandika "homa".

Faki alilala sakafuni kwangu siku tisa za arosto.
Alitukana ukoo wangu hadi wa Mombasa.
Nilimpa uji, akautapika; nikamkorogea mwengine.
Mara mbili alitoroka. Mara mbili mama yake na mimi
tulimfuata na kanga kichwani,
tukimwita kama watu wanaomwita mtoto aje kula.
Baadaye akapelekwa nyumba ya soba, Unguja.
Akarudi amenenepa, hajui mikono aiweke wapi.
Nikampa vijiko ahesabu.

"Mia moja na kimoja, Bi Mize.
Tununue vyengine, dazeni si ghali."
La. Daftarini naandika mia na ishirini.
Kumi na tisa havijarudi. Sivifuti.

Jana, baada ya hitma, nilimchungulia.
Alikifikia kile kilichokunjwa,
akaipapasa alama kwa ukucha, polepole,
kama mtu anayesoma jina lake.
Hakusema. Sikuuliza.
Akakilaza juu ya vyenziwe,
akaendelea:
thelathini na tisa,
arubaini.