Swali la Kumi na Saba

Kayenze, saa kumi na moja alfajiri.
Darasa la saba wamejifunika khanga za mama zao,
penseli zimechongwa ncha mbili.
Zimebaki siku kumi na tisa.

Nasoma: Mfanyabiashara alinunua ndoo nane za dagaa,
kila ndoo shilingi elfu kumi na mbili,
akaziuza zote kwa laki na ishirini.
Tafuta faida kwa asilimia.

Nyanzobe ananyoosha kidole.
"Mwalimu, mvua ilinyesha?"

Wenzake wanacheka. Yeye hacheki.
"Dagaa wakilowa ni chakula cha kuku.
Na ule mzani wa Kirumba, je?
Na nauli ya gunia?"

Kumeanza kupambazuka. Dirishani, chini kule,
mama yake ameinama, anageuza dagaa juu ya nyavu,
jicho moja kwenye wingu la Ukerewe.

Nikamwambia: kwenye mtihani hakuna mvua.
Siliba C. Usitoke nje ya kisanduku.

Akasiliba.
Ishirini na tano, sahihi kabisa.
Halafu pembeni, kwa herufi za sisimizi:
*toa mvua.*

Nilimpa alama zake zote,
ila kalamu nyekundu, hapo pembeni,
ilikosa pa kutua.