Hatukuwapata

Mkutano wa wataalamu wa barafu, Bishkek.
Wasemaji kumi na wawili,
tai kumi na mbili shingoni.
"Wanawake tuliwatafuta," mwandaaji akasema,
"hatukuwapata."

Begimai alikaa mstari wa tatu,
viatu vyake bado vina tope la mlimani.
Hakubishana. Aligeuza karatasi ya ratiba
akaandika: Nurzat, maji ya chini ya ardhi.
Akanipa kalamu.
Nikaandika Cholpon, anayepima mitetemeko,
na mama yake, aliyestaafu bila kutajwa.

Karatasi ikazunguka viti, ikarudi
imejaa hadi kingoni,
majina mengine yamelala ubavu.

Jana redio ilimpigia Nurzat.
Alikuwa kisimani, kamba kiunoni.
"Subirini," akasema, "nitoke kwanza."

Wakasubiri.