Jaza Mapengo

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili unusu jioni,
orofa ya tatu, Kayole, juu ya fundi wa madirisha ya chuma,
tunakaa kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki.
Mwalimu Kerubo huandika ubaoni,
msumeno wa chuma ukipiga mayowe kule chini,
naye husimama, chaki mkononi,
mpaka chuma kikatike, ndipo sentensi iendelee.

Kiwango cha kati, ndivyo cheti kitakavyosema.
Si wa kuombea maji tena, si wa kuulizia njia,
lakini bado si wa kugombana na karani akanielewa.
Nipo hapo katikati,
kitambaa kilichokatwa, hakijashonwa.

Kiingereza kina udadisi.
Kwetu yeye ni yeye, lugha haimchungulii nguoni.
Huku sharti useme kwanza: hi au shi?
Wiki ya kwanza nilimwita mwenye nyumba shi,
mzee wa watu, ndevu hadi kifuani.
Alicheka mpaka akakohoa.
Mwezi ulipoisha akapandisha kodi.
Sijui kama mambo hayo mawili yanahusiana.
Dekha asema yanahusiana.

Halafu kile kijineno, ze,
kidogo kama kifungo cha shati la mtoto.
Nakiweka pasipotakiwa; panapotakiwa, nimekisahau.
Nilisema nataka chai.
"Chai ipi?" akauliza Mwalimu.
"Yoyote, au ile tunayoijua wewe na mimi?"
Deng, aliyetoka mjengoni bila kula, akanijibia:
"Yoyote, Mwalimu. Bora iwe moto."

Usiku nashona sare za shule, mguu kwenye pedali,
karatasi ya mazoezi nimeichoma pini ukutani:
nimekwenda, nilikwenda, nilikuwa nimekwenda,
ningekwenda, ningalikwenda,
hadi jirani akagonga mabati:
"Basi nenda, mama, tulale!"

Alhamisi iliyopita: jaza mapengo, sentensi kumi.
Tisa nilizimeza kama maji.
Ya kumi: ndugu yako hufanya kazi gani, na tangu lini?
Mwalimu alikuwa ameeleza vizuri.
Kuna wakati wa mlango uliofungwa:
alifanya, akamaliza, basi.
Na kuna wakati wa mlango ulioegeshwa,
jambo lililoanza zamani na bado linapumua.
"Chagueni mmoja," alisema. "Wa tatu hakuna."

Kakule, mdogo wangu,
alitoka Butembo na lori la maharagwe, akaelekea Beni.
Mwaka wa nne huu.
Simu yake iliita siku tatu, kisha haikuita.
Kiswahili kingenisitiri: Kakule, dereva. Kitenzi cha nini?
Lakini Kiingereza hakikubali sentensi iende bila kitenzi,
kama askari wa benki asiyekubali uingie na mfuko.
Niliandika jina lake,
nikaacha nafasi, upana wa vidole viwili,
nikaandika: dereva, tangu ujana.

Leo daftari limerudi.
Wino mwekundu kila mahali,
ze tatu zimefukuzwa, moja imeingizwa kwa mshale.
Ya kumi haina tiki, haina kosa.
Pembeni, kwa penseli: Ukimaliza baki kidogo. Kuna chai.
Chai ipi, sikuuliza.

Wenzangu waliposhuka ngazi alifungua chupa,
akamimina kwenye kifuniko, kikombe akanipa mimi.
Hakutaja sarufi.
Fundi wa chini alikuwa anakusanya vyuma vyake,
vinaanguka kimoja kimoja.
"Na huyu Kakule," akasema, "mnafanana?"

"Ananizidi urefu," nikasema.
"Na ana pengo. Hapa, mbele."