Chupa Isiyo na Lebo

Hull, Januari. Mlango wa friji ya kantini
umebeba chupa nne za pilipili.
Ya Lascelles ni ya njano, ina haradali;
huidondoshea mkate wa soseji tone kwa tone
kama anayetia dawa ya jicho.
Ya Bogna tamu, ya kitunguu saumu,
huimimina mpaka chipsi ziogelee.
Ya tatu haina mwenyewe, sote twaiiba.

Yangu haina lebo.
Mwanahija aliisaga Pangani: ndimu, embe bichi,
pilipili kichaa kiganja kizima.
Ikavuka forodha ndani ya soksi.
Imebaki vidole viwili. Naichota kwa kijiti.

Pilipili iliyo shamba yakuwashia nini?
Wahenga, niulizeni mimi.
Ya shamba ndiyo iwashayo. Ya mezani naimudu.

Jana, zamu ya usiku, Bwana Thackray,
mtu wa chumvi na siki tangu azaliwe,
akasogeza sahani ya samaki: "Nitilie kidogo."
Akapiga chafya, akaiva uso, akafuta macho kwa aproni,
akasogeza tena.

Tukalia wote wawili,
yeye kwa ukali,
mimi nikisingizia ukali.