Ya

Kliniki yetu ipo Tandika,
juu ya duka la magodoro.
Wagonjwa hupanda ngazi wameshika shavu
kama wanaosikiliza simu isiyokatika.

Bi Siwatu wa Maguruwe akafumbua kinywa.
Gego la arobaini na sita, la chini, kulia,
limechimbika katikati kama kinu.
"Linaumaje, mama?"
"Usiku linawanga," akasema.
"Alfajiri linachonyota."
Kalamu yangu ikasimama.

Mimi kuwanga nilikujua kwa wachawi tu,
wale wa saa nane, uchi, uani kwa watu.
Kuchonyota sikukujua kabisa.

Miaka sita Changchun.
Maumivu nilifundishwa upya, toka mwanzo,
na mwalimu Guo, aliyegonga jino lake kwa chaki:
ya. Jino ni ya.
Ila sauti ipande,
ipande kama mtu anayeuliza, eti?
Ukiinyoosha umesema bata.
Muhula mzima wa kwanza niling'oa bata,
nikaziba bata, nikasafisha mizizi ya bata,
darasa likishika mbavu.

Usiku bwenini niliandika ya, ya, ya,
na kila mara mkono ulisubiri neno linalofuata.
Kwetu ya haikai peke yake.
Harusi ya. Nauli ya. Habari ya.
Ni mlango ulioachwa wazi, na anayeingia
ndiye mwenye mali.
Kwao ya imejifunga:
ina taji, ina mzizi, inatosha.

Tulijifunzia kichwa cha plastiki
kisichomeza mate,
kisicho na shangazi kule nje anayeuliza bei.
Mama akipiga, "Umekula?"
nilijibu polepole, nikipapasa maneno kwa ulimi,
Kiswahili changu kimeshashika ukoga.

Neno moja tu liliniingia bila kubisha hodi:
suan. Chachu.
Ndivyo wasemavyo jino likishtuka kwa maji baridi.
Hapo nikauona ukwaju wa shule ya msingi,
chumvi kwenye karatasi ya daftari,
meno yamekufa ganzi na kengele inalia,
na mimi hesabu sijafanya.
Nje theluji ilikuwa imefika madirishani.
Nilimeza mate peke yangu.

Mtihani wa mwisho nilipata themanini na nne.
Nililia kwa Kiswahili.

"Samahani, mama. Kuwanga ndiko kukoje?"
Bi Siwatu akakitoa kioo changu kinywani,
akanitazama kama noti yenye shaka.
"Kwani wewe kwenu wapi?"
"Hapahapa. Nyuma ya soko."
"Mh."

Akanivuta mkono, akaivua glavu,
akanigonga kiganjani kwa kidole,
taratibu, kwa uzito,
kama jirani anayetwanga ukuta wa pili:
"Huku ndiko kuwanga."
Kisha akanipitishia ukucha, upesi, juu ya ngozi
palipokuwa na mkwaruzo wa juzi.
"Na huku kuchonyota. Umesikia?"
Nilisikia hadi kwenye kiwiko.

Nikayaandika yote mawili kwenye faili, kwa wino.
Msimamizi akitaka Kiingereza chake
atapanda ngazi aje agongwe naye.

Nikavaa glavu mpya. Nikadunga ganzi.
Tukasubiri, yeye na mimi,
huku chini wakibishania godoro la tano kwa sita,
muuzaji akiapa kwa marehemu babake.
Shavu likaanza kulegea.
Akakumbuka jambo, akainua kichwa,
akanyoosha kidole kwenye droo ya pesa:
"Bei ya..."
na ganzi ikameza lililobaki.

Ya, sauti ikipanda, kama mtu anayeuliza.
Mwalimu Guo angempa maksi zote.
Mimi nikazima taa ya kiti,
nikasubiri neno linalofuata.