Kisima cha Kumi na Saba

Visima arobaini na viwili,
kila kimoja na mstari wake kwenye jedwali:
namba, latitudo, longitudo, kina kwa mita,
na safu ya mwisho niliyoiita Maoni,
ambamo niliandika: mdomo umebomoka. Kuna njiwa.
Mbwa kanifukuza, nitarudi.

Siku tisa nilitembea, jua la Yazd likinikaanga kisogo,
nikifuata juu ya ardhi mfereji usioonekana,
kanati, maji yatembeayo gizani
tangu mlimani hadi kwenye makomamanga ya Sangab.
Thelathini na moja nukta saba sifuri mbili nne:
nukta ndani ya namba, namba ndani ya nukta.
Jioni nikazimimina zote kwenye programu ya ramani,
nikabofya, nikangoja jangwa.

Ikaja misitu.
Visima vyangu vyote vimejipanga karibu na Smolensk,
Urusi, penye theluji na miti myeupe.
Nilikuwa nimeipa longitudo kiti cha latitudo.
Fundi Heydarqoli akachungulia juu ya bega langu:
"Umetuhamisha, mhandisi.
Hao nao maji wanayo, turudishe."

Nikageuza safu. Kijiji kikarudi nyumbani.
Nikaiambia programu: unganisha.
Ikaunganisha kama kuku aliyepekua unga,
kwanza moja, kisha kumi, kumi na moja,
mbili ikasubiri nyuma ya kumi na tisa,
maana namba nilikuwa nimeziandika kama maneno,
na mashine hupanga maneno kwa herufi, haijui kuhesabu vidole.
Nikarekebisha. Mstari ukanyooka,
halafu ghafla ukachomoka,
ukavuka Arabuni, ukaipasua Afrika
ukaenda kuzama Atlantiki, kusini mwa Ghana,
pale penye sifuri na sifuri,
ukarudi mbio hadi kisima cha kumi na nane.

"Cha kumi na saba hakina namba," nikasema.
"Sikukiona."
Heydarqoli akakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka.
"Hukukiona kwa sababu tulikifukia.
Tukasawazisha na kichuguu chake
ili mama asijue pa kutazama."

Nikafuta mstari ule. Kumi na sita ikashikana na kumi na nane,
safi, kama uzi uliovutwa.
Akaweka ukucha kwenye kioo:
"Hapa umesema uongo.
Hapa pana mwamba. Wazee walipinda kushoto.
Maji hayaendi njia yako."

Asubuhi akatangulia, viatu vyake vya pamba vikihesabu,
hatua arobaini na moja kutoka kumi na sita,
akasimama pasipo na kitu.
Si jiwe, si kijiti.
Nikainua kifaa. Setelaiti tano. Nane. Kumi na moja.
Hakutikisika hata namba zilipotulia.
Kina sikukiuliza.
"Ishirini na nane," akasema. "Andika."

Sasa mstari una kiwiko.
Kwenye karatasi ni buluu, nusu milimita,
mgeni atadhani mkono wangu uliteleza.
Akauliza kama naweza kuufanya mwembamba hapo,
kwa kuwa hapo hata maji hupita yameinama.
Nikamwambia inawezekana, kuna kitufe.
Akafikiri.
"Hapana. Acha."

Safu ya Maoni ilikuwa bado wazi.
Nikaandika: Qorbanali, ndugu mdogo.
Programu ikauliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko.