Wavu wa Nyuma ya Ghala

Niliokota fremu ya kitanda cha bweni,
mguu mmoja umepinda, imetupwa nyuma ya jiko
pamoja na masufuria yaliyotoboka.
Nikakata tyubu ya baiskeli vipande kumi na viwili.
Kwa vijana wa ghala la korosho nikaomba
kamba ya katani na sindano ya magunia.
Wakacheka: "Dada, unashona gunia lisilo na chini?"
Nikasema ndiyo.

Siku tatu nafuma.
Macho ya wavu madogo kuliko ngumi,
kona nimezivuta kwa tyubu
hadi ukigusa kwa kucha unalia kama zeze.
Nikausimamisha nyuma ya ghala, hapa Newala,
asubuhi ya Juni, ukungu umefika magotini,
harufu ya salfa inatoka mikoroshoni.

Hatua kumi na mbili. Nikarusha.
Ukarudi.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Mimi chawa sina. Nina softiboli moja
iliyochunika ngozi, mshono nimeurudia kwa uzi wa cherehani,
na glavu ya msaada yenye jina la mtu
ambaye sitamjua, wino umefifia,
kidole gumba kimeshachukua umbo la gumba lake.
Mrushaji alikuwa Swaumu. Mimi mdakaji.
Januari hakurudi shule.
Mwalimu Chilumba aliliita jina lake
Jumatatu, Jumanne.
Jumatano akaliruka.

Basi nikawa wote wawili.
Nikiulaza wavu kinyumenyume, mpira unapaa,
naudaka ukitoka mbinguni na baridi yake.
Nikiuinamisha mbele, unachapa vumbi,
unakuja ukitambaa kama mjusi aliyeshtushwa.
Haukwambii pole. Haukwambii umejitahidi.
Tupa kwa hasira: hasira yako hiyo, imerudi,
ipokee kwenye kifundo cha mkono.
Tupa kivivu: mpira unafia njiani
na wa kuufuata ni wewe.

Julai nilifika mia mbili bila kuangusha.
Hakuna aliyeona
ila mlinzi wa ghala, naye alikuwa amelala.

Agosti Swaumu akapita, ndoo kichwani, mtoto mgongoni.
Akasimama. Akautazama wavu
kama mtu anayemtazama mke mwenza.
"Lete."
Akatua ndoo bila kumwaga tone.
Akamlaza mtoto juu ya magunia matupu.
Akafunga khanga upya, akavua ndala,
mkono ukazunguka mara moja begani,
na mpira ukaja

na kitu ndani yake ambacho sikukitia mimi.
Ulikuja wa kifuani. Ukazama mwishoni.
Ukapita chini ya glavu, ukanipata kwenye ugoko,
nikakaa chini, machozi na kicheko pamoja.
Wiki tisa nzima
nilikuwa nimejifunza kuudaka mkono wangu mwenyewe.

"Tena," nikamwambia.
Akamtazama mtoto. Akaitazama ndoo,
foleni yote ile ya bombani, tangu saa kumi alfajiri.
"Mmoja tu."
Akarusha kumi na moja.

Nilidaka miwili.
Iliyobaki ilinipita, ikaingia wavuni nyuma yangu,
na wavu, bila kumpendelea yeyote,
ukairudisha hadi miguuni pake.

Mtoto akaanza kulia.
Swaumu akaja, akabonyeza kamba kwa kidole,
akakunja uso kama zamani.
"Kona ya kushoto imelegea. Ndiyo maana unarusha kulia."
Akakaza fundo kwa meno,
akatema nyuzi za katani,
akavaa ndala,
akanigeuzia mgongo nimsaidie kumfunga mtoto.